Jina la Manusura na Kauli ya Kutendwa: Uhakiki wa Tawasifu ya Chanel Miller kwa Mwalimu wa Fasihi

Utangulizi

Ubakaji si maudhui mageni katika vitabu teule vya Kiswahili nchini Kenya. Wanafunzi wa miaka ya karibuni walikutana nao katika riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri (2014), na katika hadithi fupi ya Mohammed Khelef Ghassany, "Mame Bakari", iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016). Hata hivyo, jinsi maudhui haya yanavyofundishwa inatia shaka. Imekuwa desturi darasani kuyaorodhesha pamoja na ufisadi, ukabila na umaskini, kisha kuyapa mfano mmoja: Sara alibakwa, akapata mimba. Mwanafunzi hunakili, mtahini hutuza, na somo huendelea.

Katika makala hii ninadhamiria kuhakiki kazi ambayo haimo katika orodha yoyote ya vitabu teule, wala haikuandikwa kwa Kiswahili. Ni tawasifu ya Mmarekani Chanel Miller, Know My Name, yaani "Lijue Jina Langu", iliyochapishwa mwaka 2019. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, inafanya jambo ambalo hadithi zetu nyingi hazijalifanya: inamfuata manusura kutoka kitanda cha hospitali hadi kizimba cha mashahidi, hadi siku ya hukumu, na hata baada ya hapo. Pili, inatoa nafasi ya kuuliza swali linalomhusu mwalimu wa Kiswahili moja kwa moja: lugha tunayotumia kumzungumzia aliyebakwa inampa haki au inamnyima?

Muhtasari wa kisa

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Januari 2015, Chanel Miller, wakati huo akiwa na umri wa miaka 22, alimsindikiza mdogo wake kwenye karamu ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, jimbo la California. Yeye mwenyewe hakuwa mwanafunzi wa chuo hicho. Alikuwa tayari amehitimu katika chuo kingine na alikuwa ameajiriwa. Alikunywa pombe, akapoteza fahamu. Wanafunzi wawili kutoka Uswidi, waliokuwa wakipita kwa baiskeli, walimkuta mwanamume akiwa juu ya mwili wake usiojitambua, nyuma ya pipa kubwa la taka. Walimkabili, akakimbia, wakamkimbiza na kumshika hadi polisi walipofika. Mtu huyo alikuwa Brock Turner, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na mwogeleaji wa timu ya chuo.

Kesi ilisikizwa Machi 2016. Jopo la raia 12 lilimpata na hatia ya makosa matatu ya dhuluma za kimapenzi. Upande wa mashtaka uliomba kifungo cha miaka 6. Tarehe 2 Juni 2016 Jaji Aaron Persky alimhukumu miezi 6 katika jela ya kaunti na miaka 3 ya probesheni. Alitumikia miezi 3 tu, kisha akaachiliwa. Siku ya hukumu, manusura alisoma mahakamani maelezo marefu ya zaidi ya maneno 7,000, akimwelekea mshtakiwa moja kwa moja. Maelezo hayo yalipochapishwa siku iliyofuata yalisomwa na mamilioni ya watu katika muda wa siku chache, na baadaye yakasomwa na wabunge ndani ya Bunge la Marekani. Kabla ya mwaka huo kwisha, California ilikuwa imebadilisha sheria ili anayemdhulumu mtu asiyejitambua asiepuke gereza. Juni 2018 wapiga kura wa kaunti ya Santa Clara walimwondoa Jaji Persky kazini.

Hicho ndicho kisa. Lakini tawasifu si kisa tu. Ni jinsi kisa kinavyosimuliwa.

Msimulizi asiyeona tukio

Wanafunzi wetu hufunzwa kwamba nafsi ya kwanza ni nafsi ya shahidi: "mimi" niliona, nilisikia, nilitenda. Tawasifu hii inauvuruga ukweli huo. Msimulizi ni "mimi", lakini hakuona tukio kuu la maisha yake. Anazinduka hospitalini akiwa na majani ya msonobari kwenye nywele, na hakuna anayemweleza kikamilifu yaliyompata. Anayapata siku kadhaa baadaye akiwa kazini, anaposoma habari kwenye intaneti. Anagundua kwamba mwanamke anayezungumziwa ni yeye. Mwishoni mwa habari hiyo, anaona muda ambao mshtakiwa hutumia kuogelea katika mashindano.

Kinaya hapa ni kikali. Mtu anausoma mwili wake mwenyewe kama habari ya mtu mwingine. Aidha, gazeti linampa mshtakiwa jina, chuo na ufanisi, huku yeye akipewa hali moja tu: kutojitambua.

Pengo hili la kumbukumbu si mbinu ya sanaa pekee. Ndilo tatizo la kisheria la kesi nzima. Kwa kuwa manusura hakuweza kueleza lililotokea, upande wa utetezi ulipata nafasi ya kulisimulia kwa niaba yake. Mshtakiwa alidai mahakamani kwamba mwanamke aliridhia. Kwa hivyo mgogoro wa kitabu hiki, ukitazamwa kifasihi, ni mgogoro wa usimulizi: nani ana idhini ya kusimulia usiku ambao mmoja alikuwa macho na mwingine hakuwa na fahamu? Mwandishi anaujibu kwa kukusanya vipande: kauli za mashahidi, kumbukumbu za simu, picha, ripoti za hospitali. Anajenga "mimi" yake kutoka kwa hati za watu wengine. Mwanafunzi anayejifunza mitazamo ya usimulizi atapata hapa mfano ambao hatausahau.

Maswali yasiyongoja majibu

Katika maelezo aliyoyasoma siku ya hukumu, mwandishi anayarudia maswali aliyoulizwa na wakili wa utetezi. Uzito wake ni kilo ngapi? Alikula nini siku hiyo? Nani alipika? Alivaa nini? Uhusiano wake na mpenzi wake ulikuwa wa dhati? Anayapanga moja baada ya jingine bila kuyajibu. Kila swali, likiwa peke yake, linaonekana dogo na hata la kawaida. Yakirundikwa pamoja, yanafichua nia yake: kuihamisha kesi kutoka kwa mtenda hadi kwa mtendwa.

Hii ni takriri inayofanya kazi ya hoja. Msomaji haambiwi kwamba mahakama ilimdhulumu. Anahojiwa pamoja naye hadi achoke. Walimu wanaotafuta mfano wa jinsi mtindo unavyobeba maudhui wasiende mbali.

Hapa kwetu, sheria imejaribu kuziba baadhi ya mianya hiyo. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, iliyowasilishwa bungeni na Njoki Ndung'u, inazuia, katika kifungu cha 34, kuletwa kwa ushahidi wa historia ya kimapenzi ya mlalamishi bila idhini ya mahakama. Kabla ya hapo, ushahidi wa mwanamke au msichana aliyebakwa ulihitaji kuungwa mkono na ushahidi mwingine, kana kwamba neno lake peke yake lilikuwa na upungufu. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mukungu, ilisema sharti hilo lilikuwa ubaguzi. Leo kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu zake. Nayo Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa mwathiriwa wa Kenya nafasi ya kutoa maelezo kabla ya hukumu, kama alivyofanya Miller.

Ninayataja haya kwa sababu moja. Mwanafunzi anayesoma "Mame Bakari" bila kuyajua huenda akadhani kwamba kimya cha Sara ndiyo njia pekee iliyokuwapo.

Jina: ngao na pazia

Kwa takriban miaka minne, ulimwengu ulimjua Chanel Miller kama Emily Doe. "Doe" ni jina ambalo mahakama za Marekani humpa mtu ambaye jina lake halipaswi kutajwa. Mwalimu wa Kiswahili ataliona hili haraka: ni jina la majazi kwa kinyume. Majazi ya kawaida humpa mhusika jina linaloifunua tabia yake. Jina hili humpa mhusika ufiche, na kadiri linavyotumika ndivyo mtu halisi anavyofifia nyuma yake. Kwa hivyo anwani ya kitabu si pambo. Ndiyo dhamira yake kuu.

Tukilinganisha na fasihi yetu tunaona jambo la kushangaza. Katika "Mame Bakari", aliyebakwa ana jina, na aliyembaka hana. Anaitwa tu janadume. Neno hilo limeundwa kwa ustadi. Linaonyesha ukubwa na unyama, na linamnyima mtenda utu. Hata hivyo, lina hasara yake. Janadume hakamatiki. Halina anwani, halina mama, halina kazi. Ni kama zimwi la ngano: hutoka gizani, hutenda, hurudi gizani. Katika kisa cha Stanford, aliyetenda ni kijana wa timu ya chuo, ana baba aliyemwandikia jaji barua ya kumtetea, na ana ndoto za michezo. Ugumu wa kesi ulitokana na hilo hasa. Mahakama ya watu humwadhibu zimwi kwa urahisi. Humwonea huruma kijana wa jirani.

Nasi Kenya tuna kesi zinazojulikana kwa majina yasiyo majina. Msichana wa Busia aliyedhulumiwa na genge la vijana mwaka 2013 alijulikana kwa jina la kubuniwa, "Liz". Umma ulikasirika uliposikia kwamba washukiwa walipewa adhabu ya kukata nyasi kituoni na kuachiliwa. Baada ya maandamano, kesi ilifika mahakamani, na mwaka 2015 wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15. Mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamua kesi ya wasichana wawili wa Nakuru waliodhulumiwa na naibu wa mwalimu mkuu wao. Wanajulikana kwa herufi W.J. na L.N. tu. Jaji Mumbi Ngugi aliamuru walipwe shilingi milioni 2 na milioni 3, na akaiwajibisha pia Tume ya Kuwaajiri Walimu pamoja na serikali.

Herufi hizo ni ngao. Zinamlinda mtoto dhidi ya macho ya kijiji. Wakati huohuo ni pazia: tunajua kesi, hatumjui mtu. Mwandishi wa Know My Name hatudai tuliondoe pazia kwa kila mtu. Aliliondoa lake mwenyewe, kwa wakati wake, kwa mkono wake. Mwalimu atakayekifunza kitabu hiki ajihadhari na funzo rahisi kwamba anayejitaja ni jasiri na anayejificha ni mwoga. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kauli ya kutendwa

Hapa ndipo uhakiki huu unapotugeukia sisi wenye kufunza lugha. Tazama sentensi tunazotumia: "Sara alibakwa." "Lime na Mwanaheri walibakwa." Kisarufi hakuna kosa. Lakini kauli ya kutendwa humruhusu mtenda kutoweka bila kuvunja kanuni yoyote. Mtendwa huwa ndiye kiima cha sentensi, na msomaji humkazia macho yeye: alikuwa wapi, saa ngapi, na nani? Maswali ya wakili wa Palo Alto yamekwisha kukaa ndani ya sarufi yetu kabla ya wakili kusimama.

Msamiati nao una yake. Magazeti na hata wakalimani wa mahakama hutumia "kunajisi" kwa kosa la kumdhulumu mtoto. Najisi ni uchafu. "Mtoto alinajisiwa" maana yake, kwa maneno yenyewe, ni kwamba mtoto alitiwa uchafu, na uchafu humkaa aliyetiwa. Vivyo hivyo "aliharibiwa" na "alivunjiwa heshima". Maneno haya yanaiweka hasara kwenye mwili wa aliyetendewa. Kitenzi "kubaka", pamoja na ukali wake wote, kina haki zaidi, kwa sababu kinataja tendo na kumwita mtenda kwa jina lake: mbakaji. Afadhali pia neno "manusura" panapofaa, kwani linataja maisha yaliyobaki, ingawa "mwathiriwa" litaendelea kuhitajika katika lugha ya sheria.

Jambo hili lina uzito katika usahihishaji. Miongozo mingi huorodhesha "mwoga" miongoni mwa sifa za Sara, ushahidi ukiwa kwamba aliwaficha wazazi wake. Je, huo ni woga? Sara anapiga hesabu: ataamini nani, atafukuzwa na nani, atacheka nani. Hesabu yake kuhusu jamii ni sahihi kwa sehemu kubwa. Ilimpotoka kuhusu wazazi wake tu, ambao hatimaye wanampokea. Mhusika anayeisoma jamii yake vizuri ni mwenye tahadhari, na kama kuna sifa mbaya hapo, ni ya jamii. Mtahiniwa anayejenga hoja hii kwa ushahidi wa kutosha astahili kutuzwa.

Chozi la Heri nayo inahitaji jicho hilohilo. Dhuluma wanayotendewa mabinti wa Kaizari tunaipokea kupitia uchungu wa baba aliyelazimika kushuhudia. Uchungu wake ni wa kweli na mwandishi ameuchora vyema. Lakini tuwaulize wanafunzi: mabinti wenyewe wanasema nini? Ni swali ambalo kusoma tawasifu ya Miller humfanya mtu asiweze kulikwepa.

Udhaifu wa kazi

Si kwamba tawasifu hii haina kasoro. Sehemu ya kungoja kesi imerefushwa, na msomaji aliyezoea riwaya zetu zenye matukio ya haraka atachoka. Ingawa yawezekana urefu huo ndio uhalisia wa mahakama yenyewe, tarehe zikiahirishwa na maisha yakisimama, bado kuna kurasa ambazo zingepunguzwa bila hasara.

Kasoro ya pili inahusu upana. Kesi hii ilikuwa na mashahidi wawili wasiomjua yeyote kati ya wahusika, uchunguzi wa hospitali uliofanywa mapema, na kiongozi wa mashtaka aliyeisimamia hadi mwisho. Manusura wengi hawana hata kimoja kati ya hivyo. Msichana wa kijijini huenda afike kituoni baada ya siku tatu, akiwa ameoga, akaambiwa atafute fomu ya P3, huku wazee wakikutana kujadili fidia ya mbuzi. Mwandishi mwenyewe hafichi kwamba alikuwa na mengi ya kumsaidia. Ila hapo ndipo nguvu ya kitabu inapojitokeza: ikiwa kesi yenye ushahidi wote huo ilizaa miezi 6, zile zisizo na ushahidi zinaishia wapi?

Kwa upande wa adhabu, msomaji wa Kenya atataka kulinganisha. Sheria yetu ya 2006 inaweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa ubakaji, na pia kwa kosa la dhuluma inayofanywa kwa kiungo kingine cha mwili au kifaa. Kifungu cha 24 kinawalenga hasa walimu wakuu, walimu na wafanyakazi wa shule wanaotumia vibaya nafasi zao. Mwezi Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba vifungo vya chini vilivyowekwa katika sheria hiyo ni halali. Maandishi yapo. Kilichobaki ni safari ya kuyafikia, na safari hiyo huanza kwa mtu kuthubutu kusema.

Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na uhakiki huu, ninapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzangu. Kwanza, tunapofunza maudhui ya ubakaji, tuwatake wanafunzi waandike upya sentensi zao katika kauli ya kutenda, mtenda akitajwa. Ni zoezi la sarufi la dakika tano, na ni zoezi la maadili pia. Pili, insha ya tawasifu imo katika silabasi. Tuitumie kuonyesha kwamba "mimi" inaweza kujengwa hata na aliyenyimwa kumbukumbu, lakini tusimlazimishe mwanafunzi yeyote kuandika kuhusu dhuluma iliyompata. Tatu, kabla ya kipindi cha aina hii, mwalimu ahakikishe anajua mwanafunzi akimjia baadaye atampeleka kwa nani: mwalimu wa ushauri nasaha, hospitali ya karibu, dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Akijiwa, asimwahidi siri ambayo sheria haimruhusu kuiweka.

Darasa la wanafunzi hamsini halikosi msikilizaji ambaye maudhui haya si maudhui kwake. Atakaa kimya, atanakili hoja kama wenzake, na atasikiliza kwa makini jinsi mwalimu anavyomzungumzia Sara. Kutokana na maneno hayo ataamua kama shuleni humu kuna mtu wa kumwambia. Mahakama ya kwanza anayoifikia manusura mara nyingi si ile yenye hakimu. Ni darasa, na sisi tumo ndani yake.